Sikio la Kushoto na Mageuzi ya Viumbe

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha. Bi Miwani anaondoka.

Ameniambia asubuhi dukani kwake, wakati ananikazia miwani yangu, ambayo imelegea tena. Duka lake la miwani linatazamana na studio yetu ya picha, kuna korido tu katikati. Kampuni inataka kumhamishia tawi la mji mwingine akawe msimamizi. Jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Akasema, huku anaupinda mkono wa miwani taratibu kwa vidole, kwamba hajui aende au abaki, na kwamba angebaki kama angekuwa na sababu. Akaniangalia. Nikamwambia usimamizi ni jambo zuri, unapewa kiti cha kuzunguka.

Kiti cha kuzunguka! Miaka miwili ya kumpenda kimyakimya, na hicho ndicho nilichopata kusema.

Nimerudi studio nikashika tama. Kwa nini mwanamke wa aina ile abaki kwa ajili yangu? Nina miaka thelathini na tisa. Naishi kwa dada yangu. Nimeajiriwa na mjomba wangu kupiga picha za pasipoti. Na sikio langu la kushoto limechomoza, tena limekaa chini kuliko la kulia, miwani haikai sawa hata siku moja. Ndiyo maana inalegea kila wiki. Ajabu ni kwamba wateja wake wengine hawarudi kulalamika. Ni mimi tu. Sikio!

Mchana mwanga ukaingia. Alikuja kupigwa picha mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari. Mtu mfupi, kipara, bega moja limepanda na jingine limeshuka, kidevu hakuna kabisa. Nilipokuwa namnyoosha kichwa akacheka, akasema nisijisumbue, hakuna mtu ambaye pande zake mbili zinalingana. Kisha akafunguka. Mababu zetu wa kale hawakuwa na hospitali wala cheti cha daktari. Ukitaka kujua mwenzako ana afya, ulimsoma mwili. Uso uliolingana pande zote ulikuwa ishara ya mtu aliyekua bila maradhi wala njaa kumvuruga. Sauti nzito, mabega mapana, ngozi safi, yote matangazo ya afya! Waliovutwa na matangazo hayo walizaa watoto wenye nguvu, na sisi tumerithi macho yao. Mageuzi ya viumbe! Akaongeza kwamba watafiti bado wanabishana sana, na kwamba mengine ni mazoea na mapenzi ya mtu tu. Hilo la mwisho nimeliweka kando.

Nimeelewa sasa. Si kwamba sina bahati. Sina ulinganifu.

Kwa kumshukuru Mwalimu, na kwa kuwa alikuwa anakunja uso kusoma bango letu, nimemwelekeza kwa Bi Miwani akapimwe macho. Sina wasiwasi naye. Kwa kidevu kile, mageuzi yalimpita bila kupiga hodi.


Jumanne, 4 Machi

Nimejipima. Heri nisingejipima.

Kabla Mjomba hajafika nimejipiga picha, nikaikata katikati kwenye kompyuta. Nusu ya kulia nimeipindua nikaiunganisha na yenyewe, na ya kushoto vilevile. Wametoka watu wawili, na hakuna hata mmoja ambaye ningemwazima baiskeli. Kulia mara mbili ni mwizi wa kuku, na anajua kwamba tunajua. Kushoto mara mbili, mwenye masikio mawili yaliyochomoza, ni mama yangu mzazi akiwa na masharubu.

Hiyo ya pili nimeichapa nikampelekea Dada kama ushahidi wa msiba wangu. Nilitegemea anionee huruma. Dada akaitazama, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia. Akasema tangu tumzike mama hajayaona masikio hayo vizuri, maana mimi kutwa nayafunika kwa nywele. Akasema mama aliposwa na wanaume watatu akiwa na masikio hayohayo, na Mjomba anayo, na mke wa Mjomba mpaka leo anamwonea wivu. Nikamweleza kwamba huo si utafiti, hizo ni habari za ukoo. Akaniambia niondoke nikafue soksi zangu.

Picha ameibandika kando ya kioo chake. Sayansi katika nyumba hii haina mtetezi ila mimi.


Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kulibana sikio.

Studio tuna selotepu inayonata pande mbili, ile tunayobandikia pazia jeupe la nyuma. Kipande nyuma ya sikio, bonyeza, hesabu polepole. Nikajitazama kwenye kioo. Ulinganifu! Nikavaa miwani, nikavuka korido kwa mwendo wa mtu mwenye afya, kwenda kuazima mkasi.

Bi Miwani alikuwa anampima macho Mwalimu. Mwalimu anasoma herufi za ukutani, anakosea, wote wawili wanacheka. Nikasimama kiubavu ili sikio lionekane. Dukani kulikuwa na joto. Nikaanza kutoka jasho. Nikajikaza. Selotepu ikaachia. Sikio likaruka, miwani ikachomoka usoni, ikaenda kuangukia trei ya lenzi. Mwalimu akauliza kile kilikuwa nini.

Bi Miwani hakucheka. Afadhali angecheka! Aliokota miwani, akaifuta, akauliza kama nimeumia. Kisha akaiona selotepu. Akaibandua kidogo kidogo nisiumie. Akanivisha miwani, akasema mkono huu wa kushoto ameupinda mwenyewe kwa ajili ya sikio hili, na sasa haufai kwa sikio jingine lolote duniani.

Nimemalizika. Duniani kote! Hakuna sikio bovu kama langu, na aliyesema ni mtaalamu.

Nilirudi nikakaa nyuma ya pazia jeupe mpaka Mjomba alipokuja kulivuta kumpiga mteja picha. Mteja alishtuka. Mjomba akaniuliza mpwa wangu una nini. Ningemwambiaje? Naye analo.


Alhamisi, 6 Machi

Sauti nzito. Mwalimu alisema ni tangazo la uanaume, nami leo nimelitangaza tangu saa mbili asubuhi. Inua kichwa. Usitabasamu. Tazama hapa. Yote kutoka tumboni. Mtoto mchanga aliyeletwa kupigwa picha akaangua kilio, mama yake akamfunika kwa kanga akasema watarudi siku nyingine. Mwanafunzi mmoja alisimama wima kama yuko mbele ya hakimu. Dalili nzuri.

Kufika mchana koo lilikuwa limechubuka. Nikamsalimia Bi Miwani kwenye korido kwa sauti ya chini kuliko zote. Akasimama ghafla. Akarudi ndani, akatoka na chupa ya maji moto yenye asali na ndimu, akanikalisha kwenye benchi la wateja, akanishika kipaji cha uso kuona kama kina joto. Akakaa nami mpaka nimalize kikombe. Akasema anapenda sauti yangu ya siku zote, hii inamtia hofu.

Msiba juu ya msiba! Ameniona mgonjwa. Na mgonjwa, kwa mujibu wa mageuzi, ndiye mtu wa mwisho kuchaguliwa. Kundi likihama yeye anaachwa chini ya mti na fisi. Nikamwambia, kwa sauti kidogo iliyobaki, kwamba mimi ni mzima kabisa na sihitaji kuhudumiwa. Akachukua chupa yake akaondoka. Nilisikitika, lakini nguvu lazima zionekane.

Jioni nikamwona Mwalimu anakohoa mlangoni kwa Bi Miwani. Akapewa maji ya asali yaliyobaki, akayanywa na kushukuru mara tatu. Maskini. Hana habari kwamba amejiharibia.


Jumamosi, 8 Machi

Nimepata silaha kubwa!

Mwalimu amekuja tena kwa Bi Miwani. Eti miwani yake mpya inambana pua. Jana ilimbana nyuma ya sikio, juzi paji la uso. Sijapata kuona mtu anayebanwa kiasi hicho. Lakini nafurahi awepo. Anamshughulisha, asije mwanamume wa kweli akapata nafasi.

Alipita kunisalimia, nikamkamata. Akanieleza habari za samaki wadogo fulani, na ndege fulani. Jike akimwona dume ana jike mwingine, humpenda zaidi, maana mwenzake ameshamfanyia uchunguzi. Akaanza kusema kwamba kwa binadamu ushahidi ni wa kubishaniwa. Nikamshukuru nikakimbilia kompyuta.

Tuna picha za harusi za miaka mingi humo. Nikachagua bibi harusi mmoja wa mwaka juzi, mzuri, anatazama pembeni kwa mapenzi. Bwana harusi nikamtoa kichwa, nikaweka changu. Kivuli cha shingo nimekifanya kwa ustadi ambao Mjomba hajawahi kunilipia. Sikio nimelifuta. Nikaichapa ukubwa wa mlango, nikaitundika kwenye kioo cha mbele, inatazamana na duka lake.

Saa tisa akaiona. Akasimama muda mrefu na kitambaa cha kufutia lenzi mkononi. Akavuka. Akasema hongera, hakuwa na habari, na kwamba bibi ni mzuri sana. Nikashusha macho, sikukubali wala kukataa. Tabasamu lake lilikuwa dogo, likakatika kabla ya kufika upande wa pili. Na alipoondoka hakunifutia miwani yangu, jambo ambalo hufanya kila akipita.

Wivu! Samaki hawakosei.


Jumatatu, 10 Machi

Samaki wamekosea.

Bwana harusi mwenyewe amepita. Ni fundi wa kuchomelea mageti, na alikuja kuchukua vipimo vya mlango wa korido yetu. Akapandisha macho, akamwona mkewe kwenye kioo chetu, yu kifuani mwa mtu mwingine. Suti akaitambua. Mkono ulioshika kiuno cha mkewe akautambua pia, una kovu la moto, sikuona haja ya kuubadilisha. Kichwa tu ndicho hakukitambua, mpaka nilipotoka kuuliza nimsaidie nini.

Korido nzima ilitoka kutazama. Alisema atanichomelea kwenye geti la nyumba yake, niwe nafunguka na kufungwa. Mjomba alimbembeleza kwa picha kumi za familia bure. Kisha akanigeukia mimi. Mpwa au si mpwa, alisema, nikirudia tena atanitoa humu na sitarudi. Picha imechanwa vipande. Kichwa changu yule fundi alikichana kando.

Bi Miwani alisubiri watu watawanyike. Akaja. Akauliza kwa nini nimefanya vile. Swali fupi, kwa upole, hakuna mtu mwingine pale. Hapo ndipo ningesema. Maneno yote nilikuwa nayo, nina miaka miwili nayapanga! Nikasema ni tangazo la biashara.

Akasema kumbe. Akangoja kidogo, kama kuna kitu kingine kinakuja. Hakikuja. Kisha akasema kesho atakuja kupigwa picha ya kitambulisho, makao makuu wameiomba mapema kwa ajili ya lile tawi, asije akakubali halafu karatasi zikachelewa.

Ninaandika huku nalia. Dada amenisukumia sahani ya chakula mlangoni kwa mguu.


Jumanne, 11 Machi

Leo tulikuwa peke yetu, mimi na yeye na kamera. Mjomba alikwenda kumpigia fundi zile picha kumi.

Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikamtazama kupitia lenzi, hapo ninaweza kumtazama nitakavyo kwa sababu ni kazi. Jicho lake la kushoto ni dogo kidogo kuliko la kulia. Ana alama ya kuanguka kwenye nyusi, alianguka ngazini akiwa mdogo. Tabasamu lake huanzia upande mmoja, likafikiria, halafu likavuka kwenda wa pili, na kabla halijavuka mimi huwa nimesahau jina langu. Nikapiga. Akauliza kama ametoka vizuri. Nikasema hakuna tatizo ambalo siwezi kulirekebisha.

Akainuka haraka kuliko nilivyotegemea.

Lakini nina mpango, na huu ni wa moyo. Kusema siwezi. Mikono yangu inaweza. Nitampa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, akiiona ajue ninavyomthamini. Mwalimu alishaniambia kwamba sura nyingi zikichanganywa, ile ya wastani inayotoka hupendeza kuliko moja moja, maana haina kasoro ya mtu yeyote. Nikachukua sura za wateja wanawake kadhaa, nikazichanganya na yake. Macho nikayalinganisha, nikayakuza. Alama ya nyusi nimeifuta. Kidevu nimekichonga. Ngozi nimeisafisha ikawa kama yai. Tabasamu nimeliweka katikati likatulia.

Ametoka mwanamke mzuri wa kutisha. Nimemtazama jioni nzima. Sijasikia kitu moyoni, nadhani ni uchovu.

Nakala nimezichapa nikaziweka kwenye bahasha, nikamwachia msaidizi wake dukani. Sikuwa na ujasiri wa kumkabidhi mwenyewe.


Alhamisi, 13 Machi

Wamezikataa picha.

Bi Miwani alizituma bila kufungua bahasha, kwa kuniamini. Makao makuu wakampigia simu wakauliza huyu ni nani, na kwa nini ametuma picha za mtu mwingine. Akaapa ni yeye. Wakamrudishia aone. Ameambiwa mbele ya wenzake kwamba udanganyifu wa kitambulisho ni kosa la kufukuzwa kazi, ikabidi apeleke cheti cha kuzaliwa na barua ya meneja wake kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Alikuja na picha mkononi. Hakupaza sauti. Aliziweka mezani, akaniuliza kama usoni kwake kulikuwa na kitu chochote nilichoona kinafaa kubaki.

Nikamjibu ukweli. Masikio. Yalifunikwa na nywele, nilikuwa sijayafikia.

Akanitazama. Jicho lile dogo lilijaa machozi kwanza. Akasema yeye miaka yote miwili hajawahi kuninyoosha mimi, ameinyoosha miwani tu. Akatoka. Sikuelewa, lakini imenichoma, na inanichoma bado. Nimejaribu kumfuata. Mlangoni kwake alikuwa amekaa Mwalimu, anasubiri kulegezewa pua. Akaniashiria kwa mkono nisiingie sasa. Akaingia yeye.

Ni heri. Mtu kama yule hawezi kumwongezea mtu maumivu.

Dada amesikia yote kutoka kwa Mjomba. Ameniambia niende nikaombe msamaha kwa maneno ya kawaida, nimwambie nampenda, basi. Nikamwuliza, kwa uso upi? Akasema huo wa mama. Akatoka akibamiza mlango.

Kesho ni Ijumaa. Kesho anatoa jibu.


Ijumaa, 14 Machi

AMEBAKI!

Msaidizi wake ameniambia kwenye ngazi. Ameandika barua asubuhi, amekataa usimamizi, kiti cha kuzunguka na vyote. Amepata sababu ya kubaki!

Nimekaa chini palepale kwenye ngazi. Kumbe! Selotepu, sauti, bibi harusi, vyote vilikuwa vinafanya kazi chini kwa chini, kama mageuzi yenyewe, ambayo Mwalimu alisema hayana haraka. Nimemnunulia Dada sabuni ya kunukia. Ameinusa, akaniuliza sababu ya kubaki ni nani. Nikacheka tu. Wanawake wa nyumbani hawaoni mambo.

Jumatatu nitamwendea. Wikiendi yote nafanya mazoezi ya mabega kwa ndoo mbili za maji.


Jumatatu, 17 Machi

Siwezi kuinua mikono, kwa hiyo nitaandika kwa kifupi.

Mwalimu amekuja studio kabla sijavuka korido. Amekuja kunishukuru. Mimi! Alisema bila mimi asingemjua Bi Miwani, kwa kuwa ni mimi niliyemwelekeza. Alisema Alhamisi ile alimkuta analia, akakaa naye. Ijumaa asubuhi akamwomba abaki.

Nikamwuliza alimwombaje. Akasema kwa mdomo. Alimwambia tafadhali usiende, nitakukumbuka mno. Nikamwuliza kisha akafanya nini. Akasema hakuna kisha.

Nikamwuliza kama kuna nadharia yoyote inayosema jambo kama hilo. Akafikiri kwa haki kabisa, akakuna kipara, akasema hajui, inawezekana hata mababu wa kale walikuwa wanaongea.

Alinishika bega kwa furaha. Nilipiga yowe, kwa sababu ya ndoo.

Nimelala kitandani mchana kutwa nikitazama ukuta. Afadhali angehama. Angehama, ningelia miezi sita nikamaliza. Sasa atakuwa palepale, hatua chache tu, kila siku ya Mungu, anacheka, na mimi nawaambia watu wainue vichwa. Dada ameingia akakaa miguuni pangu. Hakunisuta kwamba alinionya. Alinisugua mabega kwa mafuta ya moto, akaniimbia wimbo wa mama, ule wa kutubembeleza. Nimelia mpaka mto umelowa.


Jumamosi, 26 Aprili

Leo wamekuja kupigwa picha ya uchumba. Mjomba amekataa katakata kuipiga yeye. Alisema mimi ndiye mwenye mkono mzuri.

Niliwasimamisha mbele ya pazia jeupe. Mwalimu akiwa na bega lake juu na jingine chini. Bi Miwani aliegemeza kichwa pale penye bega la chini, kikakaa bila shida. Nikawaambia watazame kamera. Tabasamu lake likaanza upande mmoja. Likafikiria. Likavuka. Nilibonyeza, sijui nilibonyezaje. Mwalimu akaomba, kwa heshima zote, picha hii isiguswe hata kidogo. Bi Miwani alitazama sakafu.

Wakati Mwalimu anaongea na Mjomba, Bi Miwani aliniambia nivue miwani. Akatoa bisibisi yake ndogo mfukoni. Akapinda mkono wa kushoto kidogo, akakaza skrubu, akaendelea kuikaza mpaka ikafika mwisho. Akanivisha mwenyewe. Akasema sasa haitalegea tena, sina haja ya kuja. Kisha akasema, polepole, kwamba siku zote aliiacha skrubu hiyo bila kuikaza mpaka mwisho, kwa makusudi, ili kila wiki niwe na sababu ya kurudi, na kwamba kila wiki alidhani siku hiyo nitasema kitu.

Macho yakaniuma. Mwalimu akamwita, akaenda.

Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa, na nimekasirika. Makusudi! Mteja anaamini amepata huduma, kumbe amefanyiwa kazi nusu! Nimetembea miaka miwili miwani inaning'inia, nikalilaumu sikio langu lisilo na hatia, nikalitesa kwa selotepu! Mtu huyu ningemwoa? Labda nimeepushwa.

Na sayansi ibaki palepale. Nimempima Mwalimu kwenye kompyuta. Pande zake hazilingani popote, hata pua ni mbili tofauti. Kwa hiyo kosa halikuwa la nadharia. Kosa ni kwamba Bi Miwani huwapima watu wote macho, na yeye hakuna anayempima.

Dada amejaribu kunieleza habari ya skrubu ina maana gani. Amenieleza mara mbili, na mara ya pili alinishika mashavu kwa mikono yote miwili. Nimemwambia asitie hisia kwenye mambo ya ufundi. Amekwenda kukaa na ile picha ya mama.

Tangu Jumatatu duka la viatu la chini lina mwanamke mpya. Ana mwanya, na hucheka na kila mteja. Jana aliniuliza kwa nini napita pale mara nne bila kuingia. Sikumjibu, sikuwa tayari. Nimetambua kosa langu la mwanzo: nilihangaika na uso, kumbe jambo ni urefu. Mababu walihitaji mtu wa kuona simba kutoka mbali. Nimekata soli tatu za ndani kwa kila kiatu kutoka kwenye boksi la karatasi za picha. Kesho kutwa naanza.

Miwani imekaa imara kabisa. Nimeinama, nimeruka, nimetikisa kichwa, haitoki. Kazi safi. Lakini miaka miwili kwa skrubu moja! Kuna watu ni wazito sana wa kujifunza.